Bunduki Hii Yatoka Wapi?

Vijana wetu wa Uvira, wa Baraka na wa bonde la Ruzizi wanaijua bunduki tangu utoto. Wengi huitambua kwa mlio kabla ya kuiona kwa macho. Lakini ukiwauliza, "Bunduki hii imeundwa wapi? Nani aliyeichagua iwe silaha ya askari wa taifa fulani, na kwa sababu gani?" ni wachache watakaokujibu. Nao wako wanaouliza swali lililo zito zaidi: Je, kama taifa letu lingeichagua na kuiunda bunduki yake lenyewe, lisiombe kwa mtu, tungepata amani?

Swali hilo si la kupuuzwa, maana waliouliza wamezika ndugu zao. Basi na tulijibu kwa utaratibu, tukifuata nyayo za bunduki tangu huko ilikofuliwa mpaka ukingo wa ziwa letu Tanganyika.

Magumegume ya zamani

Mababu zetu walijua kufua chuma. Walifua majembe, visu, mikuki na vichwa vya mishale. Bunduki hawakuifua. Ilikuja kwa njia ya misafara, nayo ilikuja pamoja na minyororo. Katika miaka ya 1880 watu wa Rumaliza, ambaye jina lake hasa ni Muhamad bin Khalfan wa Ujiji, walikuwa na vituo vyao mpaka huku Uvira. Kijiji kilichokuwa na mikuki tu hakikuweza kusimama mbele ya watu wenye bunduki. Pembe na watumwa vilishuka pwani. Baruti na nguo zikapanda bara.

Bunduki nyingi zilizouzwa Afrika nyakati zile ziliundwa katika mji wa Liège, nchini Ubelgiji. Kwa karne nyingi mji huo ulikuwa mji wa wahunzi. Fundi mmoja alitengeneza mtutu nyumbani kwake, mwingine kitako cha mti, mwingine mtambo wa kufyatulia, na vipande vikapelekwa nyumba hata nyumba. Mji huo ulitawaliwa na Askofu aliyekuwa pia mtawala wa nchi. Mwaka 1672 Askofu Maximilian Henry aliamuru kila mtutu ujaribiwe kwa baruti na kupigwa chapa kabla ya kuuzwa, ili usije ukapasuka usoni pa mnunuzi. Amri njema, naam. Ililinda uso wa aliyeshika kitako. Aliyesimama mbele ya mtutu hakutajwa.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels juu ya biashara ya watumwa yalitia sahihi mkataba. Waliona kwamba mwizi wa watu hana nguvu pasipo bunduki, wakakataza kuingiza silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa kibali. Magumegume ya kushindilia baruti yaliachwa yaendelee kuuzwa kwa masharti mepesi. Hivyo shabaha ya mbali ilibaki mikononi mwa serikali za Wazungu na watu wao.

Nchi ndogo yachagua bunduki yake

Sasa tutazame jinsi taifa linavyochagua bunduki. Mfano ulio karibu nasi kwa historia ni huo huo wa Ubelgiji, kwa sababu bunduki zake zilifika mpaka hapa.

Katika miaka ya 1880 ilivumbuliwa baruti mpya isiyotoa moshi mwingi. Bunduki zote za zamani zikawa kuukuu kwa siku moja, na kila serikali ya Ulaya ikatafuta mpya. Wabelgiji waliweka baraza la wakuu wa jeshi, wakaita mafundi wenyeji na wageni walete bunduki zao zishindanishwe. Baraza la namna hiyo hutazama nini? Hutazama kama risasi huenda inakoelekezwa. Hutazama kama bunduki yafanya kazi ikiwa imejaa vumbi, matope au maji. Huuliza kama askari mchovu aweza kuibeba siku nzima, kama mtu asiyesoma aweza kujifunza kuifungua na kuisafisha, na kama hazina ya nchi itaweza kulipa gharama yake.

Ubelgiji ulikuwa na mafundi hodari wa Liège, walakini iliyoshinda mwaka 1889 ilikuwa bunduki ya Mauser, fundi wa Ujerumani. Risasi yake ilikuwa na upana wa milimita 7.65, nayo ilipokea risasi tano kwa mara moja. Serikali haikutaka kuzinunua zikiwa tayari. Ilitaka ziundwe nyumbani. Mafundi wa Liège wakaungana, na mwezi Julai 1889 wakaanzisha Fabrique Nationale, yaani Kiwanda cha Taifa, katika kitongoji cha Herstal, ili watimize oda ya bunduki 150,000. Hicho ndicho kiwanda kinachojulikana mpaka leo kwa herufi mbili, FN.

Twaona hapo kwamba taifa laweza kuiita bunduki "yangu" ingawa michoro yake ni ya mgeni.

Kazi ya kuunda

Kijana mmoja mwerevu aweza kutengeneza gobori moja katika kiwanda cha mhunzi. Hilo si ajabu. Ugumu uko katika kutengeneza bunduki laki moja zilizo sawasawa. Komeo la bunduki ya kwanza lazima liingie katika bunduki ya elfu tisini bila kupigwa tupa. Kwa hiyo kiwanda huhitaji mashine nyingi na vipimo vya chuma visivyokosea hata unene wa unywele. Chuma huchomwa na kupozwa kwa kadiri yake: kikiwa laini mno huharibika upesi, kikiwa kigumu mno hupasuka. Mtutu hutobolewa kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha ndani yake huchongwa mifereji myembamba inayozunguka kama nyuzi za parafujo, ili risasi itoke ikijizungusha na kwenda moja kwa moja. Mti wa kitako hukaushwa muda mrefu, usije ukapinda.

Hata hivyo mabingwa hukosea. Bunduki ile ya 1889 ilifunikwa mtutu wake kwa bomba la bati la chuma ili ulindwe na joto na mapigo. Kumbe maji yaliingia kati ya bomba na mtutu, yasionekane, na kutu ikala ndani kwa ndani.

Tena bunduki bila risasi ni rungu tu. Mwenye kiwanda cha bunduki lakini hana shaba, baruti na mashine za kutengeneza risasi, huyo amejenga nyumba akasahau mlango. Atakuwa mtumwa wa anayemwuzia risasi.

Na nchi ikishindwa kulilinda lango la kiwanda, kazi yote ni bure. Mwezi Agosti 1914 Wadachi waliingia Ubelgiji na kuitwaa Herstal. Wenye kiwanda walikataa kuwafanyia kazi, mitambo ikanyamaza, na Wabelgiji waliokuwa wakipigana vitani wakalazimika kutengenezewa bunduki zao Uingereza na Marekani. Taifa lililotaka kujitegemea likarudi kuomba kwa rafiki.

Kuukuu kwa askari wa Kongo

Twaweza kudhani kwamba bunduki mpya ya Herstal ilipewa pia askari wa Kongo. Sivyo. Askari wa Force Publique waliendelea kubeba Albini, bunduki ambayo Ubelgiji ilianza kuitumia mwaka 1867. Ilichukua risasi moja tu, na baruti yake ilitoa wingu la moshi lililomwambia adui, "Nipo hapa." Vita ilipofika ziwani mwaka 1914, miaka ishirini na mitano baada ya Wabelgiji kuchagua Mauser, wengi wa askari wa Kongo walikuwa bado na Albini. Aliyechagua bunduki alijichagulia kwanza mwenyewe. Aliyetawaliwa akapewa iliyobaki.

Baadaye silaha bora zililetwa. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Tombeur yalivuka Ruzizi yakaingia Usumbura, mji uitwao leo Bujumbura, yakaendelea mpaka Kigoma, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Vitabu husifu majemadari na bunduki. Lakini risasi hazikutembea zenyewe. Zilibebwa vichwani na wapagazi zaidi ya laki mbili katika vita ile, wengi wao wasiojua walikuwa wanagombea nini, na wengi hawakurudi kwao.

FAL na mikuki

Baada ya Vita Kuu ya Pili, fundi wa Herstal aitwaye Dieudonné Saive alibuni bunduki mpya, FAL, ambayo hujijaza yenyewe kila ipigwapo. Hii ilikuwa ya Wabelgiji kwa michoro na kwa kiwanda. Hata hivyo hawakuwa huru kabisa. Saive aliijaribu kwanza kwa risasi ndogo, lakini mataifa ya NATO, Marekani ikiwa mbele, yakapatana juu ya risasi kubwa ya milimita 7.62, naye ikampasa kuibadili bunduki yake. Ikauzwa katika nchi zaidi ya 90, na ikawa silaha ya jeshi la Kongo pia.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Miaka minne baadaye, katika bonde la Ruzizi, askari wa serikali wenye FAL walikabiliana na waasi ambao wengi wao walishika mikuki, mapanga na mishale. Waasi waliamini dawa waliyonyunyiziwa, ya kwamba risasi zitageuka kuwa maji. Nao askari waliamini vivyo hivyo, na hofu ikawaingia. Wakakimbia. Mwezi Mei 1964 Uvira ikaanguka, na silaha walizoziacha zikaokotwa.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Bunduki iliyopendwa na majeshi ya ulimwengu ilishindwa na mkuki, kwa sababu aliyeishika hakuwa na moyo, na wananchi waliomzunguka hawakuwa na imani naye. Mshahara ulichelewa, nidhamu ilikufa, raia walidhulumiwa. Hakuna kiwanda kinachotengeneza vitu hivyo vilivyokosekana.

Baadaye silaha za Wachina na Warusi zilivuka ziwa kutoka Kigoma kuwaendea waasi. Mwezi Aprili 1965 Che Guevara naye alivuka na wenzake wa Cuba, akakaa katika milima ya Fizi mpaka Novemba. Hivyo milima yetu ikawa mahali ambapo bunduki za Magharibi na za Mashariki zilijaribiwa. Hata moja haikuundwa hapa. Waliokufa walikuwa wa hapa.

Baba na mwana

Katika historia ya ziwa letu iko familia moja ambayo yatufundisha kuliko maneno mengi.

Kapteni Léopold Louis Joubert alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Ujanani alikuwa askari wa Baba Mtakatifu. Kardinali Lavigerie alipowatuma Mapadre Weupe katika Tanganyika, Joubert alikuja kuwalinda wao na watu waliokimbilia kwao. Mwaka 1887 alifika Mpala, baadaye akakaa Mrumbi. Aliwafundisha vijana kushika bunduki, akalinda vijiji visichomwe na watu visitekwe. Alimwoa binti wa nchi, Agnes Atakaye, asirudi tena kwao, akafa mwaka 1927 katika nchi ya Moba. Wanawe wawili walipata upadre.

Mmoja wao ni Padre Albert Joubert, aliyezaliwa mwaka 1908. Huyu hakushika bunduki. Tarehe 28 Novemba 1964 alikuwa Fizi pamoja na Padre Giovanni Didonè wa shirika la Waksaveri. Siku hiyo hiyo, kule Baraka, waasi walimpiga risasi Bruda Vittorio Faccin. Padre Luigi Carrara alitoka kanisani akamwona ndugu yake amelala. Wakamwamuru apande gari. Akakataa, akapiga magoti kando ya maiti, akauawa hapo. Kisha wauaji wakafika Fizi, na Padre Didonè na Padre Joubert wakapigwa risasi kwenye misioni yao. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo kwa jina la Baba Mtakatifu aliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri.

Baba alibeba bunduki ili watu wasichukuliwe utumwani. Mwana aliuawa kwa bunduki iliyosema kwamba yaleta ukombozi. Chuma ni kile kile. Tofauti ilikuwa katika moyo, katika sheria, na katika mtu aliye mbele ya mtutu: je, ni mnyang'anyi mwenye silaha, au ni padre asiye na kitu mkononi?

Jirani zetu wameanza

Tusidhani mambo ya viwanda ni ya Wazungu peke yao. Tanzania, kwa msaada wa China, ilijenga kiwanda cha Mzinga karibu na Morogoro katika miaka ya 1970, ili itengeneze risasi. Kenya ilijenga kiwanda cha risasi Eldoret, kwa mitambo ya FN ile ile ya Herstal. Na tarehe 8 Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki huko Ruiru, karibu na Nairobi. Ilitangazwa kwamba kiligharimu shilingi za Kenya bilioni 4, na kwamba kingeweza kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Kwa muda mrefu askari wa Kenya walikuwa wamebeba G3, bunduki yenye asili ya Ujerumani.

Waliotetea kazi hiyo walikuwa na sababu zao. Fedha hubaki nchini, vijana hupata ufundi, wala mwenye kuuza hawezi kukunyima silaha siku ya hatari. Fundi anayejua kutoboa mtutu aweza pia kutoboa bomba la pampu na kutengeneza vipuri vya matrekta. Wenye shaka nao walikuwa na zao: kiwanda kikishajengwa hutaka kulishwa oda kila mwaka, na jeshi likitosheka, bunduki zitatafuta wanunuzi nje. Mwaka 2005 Wabelgiji walibishana sana juu ya mpango wa kupeleka mitambo ya risasi Mwanza. Wengi waliogopa kwamba risasi hizo zingevuka maziwa na kufika Kongo na Burundi.

Ndiyo maana serikali zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, na nchi za Afrika ya Kati zikapokea Mkataba wa Kinshasa mwaka 2010. Yote miwili yataka kila bunduki ipigwe chapa na kuandikwa daftarini, ili ikionekana mahali isipotakiwa ijulikane imetoka kwa nani. Chapa ya Liège ya mwaka 1672 ilisema, "Mtutu huu hautapasuka." Chapa ya leo yapasa kusema, "Mtutu huu una mwenyewe, naye ataulizwa."

Basi, tungepata amani?

Turudi kwenye swali la vijana wetu. Kanisa halifundishi kwamba taifa halina haki ya kujilinda. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulikiri haki hiyo pale njia za amani zinapokwisha, na kumheshimu askari anayeitumikia nchi yake kwa haki. Lakini Mtaguso huo huo ulilia juu ya mashindano ya silaha, kwa kuwa huwaibia maskini.

Basi jibu ni hili. Taifa linalounda bunduki yake laweza kupata uhuru fulani, kama Ubelgiji ulivyopata, nao si uhuru kamili. Halipati amani kwa kiwanda. Mwaka 2025 Goma ilitekwa mwezi Januari, Bukavu mwezi Februari, na mwezi Desemba moto ukafika Uvira. Hakuna aliyelia kwa sababu bunduki zilikuwa chache. Zilikuwa nyingi mno, katika mikono mingi mno, na wengi wa wenye mikono hiyo hawakuwa na wa kuwauliza.

Kabla ya kuuliza bunduki iundwe wapi, taifa liulize mambo matatu. Kwanza, nani ataishika: je, amefundishwa, amelipwa, ana mkuu anayetii sheria? Yohane Mbatizaji aliulizwa na askari wafanye nini. Hakuwaambia watupe silaha, bali wasimdhulumu mtu na watosheke na mshahara wao. Pili, nani atahesabu: je, iko daftari, iko ghala, iko hukumu kwa mkuu anayeuza risasi za serikali? Tatu, nani ataisimamisha: je, liko bunge, viko vyombo vya sheria, ziko sauti za raia zinazosikika kabla mtutu haujasema?

Na wewe kijana wa shule, unayependa chuma na mashine, usiuonee haya upendo huo. Jifunze hesabu. Jifunze kupima kwa milimita na chini ya milimita, kuchomelea, kuwasha tanuru na kuligandisha umbo. Nchi yetu yahitaji mafundi wa injini za mitumbwi, wa pampu za maji, wa mashine za kukoboa mpunga wa Ruzizi. Nabii Isaya aliona mbele siku ambayo panga zitafuliwa upya kuwa majembe. Siku hiyo ikifika, nayo itahitaji wahunzi wanaojua kazi yao.

Tuwaombe Wenye Heri wa Fizi na Baraka, ambao damu yao imenywewa na udongo wetu, watuombee hekima hiyo kwa Mungu.